Dada, Mama alijua tofauti

Dada, shikamoo.

Umenizuia WhatsApp tangu arobaini ya Mama, na nikikupigia hupokei. Lakini blogu hii najua unaisoma, ndiyo maana nakuandikia hapa. Wasomaji wengine mnisamehe, leo ni mambo ya nyumbani.

Nataka tuzungumze habari ya lile bakuli.

Usiniambie umelisahau. Novemba 2023, siku yangu ya tatu Kanazawa, huko kwako Japani. Asubuhi ulinipeleka mtaa wa Higashi Chaya, kwenye zile nyumba za mbao zenye fito mbele, ukaniingiza duka la dhahabu. Kijana mmoja alikuwa ameketi na kibano cha mianzi, anainua jani la dhahabu jembamba kiasi kwamba ukiligusa linapotelea kwenye ngozi. Alilinyoosha kwa pumzi, phu, mara moja tu, likalala. Ukaniambia karibu majani yote ya dhahabu yanayotengenezwa Japani yanatoka mji huu mmoja. Nilikuona umejaa fahari kana kwamba umezaliwa pale, nami nikafurahi kwa ajili yako. Kisha ukatununulia aiskrimu mbili zilizofunikwa jani lile lile, karibu yeni 2,000 zote mbili. Dhahabu haina ladha, Dada. Lakini ulilipa bila kuhesabu, ukanipiga picha. Picha bado ninayo.

Mchana ndiyo tukaingia lile duka dogo nyuma ya mtaa wa Korinbo.

Lilikuwa bakuli la mafundi wa Wajima, ule mji wa rasi ya Noto, jekundu ndani, jeusi nje, halina ua wala nakshi. Yule bibi muuzaji alilitoa rafuni kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Wewe ukawa unanitafsiria: limechongwa kwa mti, ukingo umevikwa kitambaa, likapakwa utomvu uliochanganywa na unga wa udongo uliochomwa, likakaushwa, likasuguliwa, likapakwa tena, hatua zaidi ya 100, na kila hatua ina fundi wake. Utomvu wenyewe unakaukia kwenye unyevu. Nilikuuliza mara mbili kama umetafsiri sawasawa. Bibi akamimina maji ya moto kutoka kwenye birika lake la chai, akanipa nishike. Mvuke unanipiga usoni, na viganjani nasikia vuguvugu tu. Hapo hapo nikamwona Mama saa ya kufuturu, na kibakuli chake cha bati, anakishika kwa ncha ya kanga kwa sababu uji unamuunguza.

Yeni 22,000. Kwa shilingi yetu ya Tanzania, zaidi ya laki tatu na nusu. Nikasema, "Dada, hili la Mama."

Ukamtabasamia yule bibi, kisha ukasema kwa Kiswahili, sauti tamu, ili asielewe: "Mama atajulia wapi tofauti? Tutachukua la stesheni."

Bibi naye akatabasamu. Akalimwaga maji, akalifuta kwa kitambaa laini mpaka alama za vidole vyangu zikatoka, akalirudisha mahali pake.

Mama atajulia wapi. Mwanamke aliyetusomesha kwa mikeka! Aliyekuwa anashika chane za ukindu gizani, umeme umekatika, akakwambia hizi zimeanikwa vizuri, hizi zimetolewa kwenye rangi mapema. Ukili wako wa kwanza ulipomletea aliupitisha vidoleni huku anaongea na jirani, hata hakuuangalia, akasimama pale pale ulipokosea na kuanza kufumua. Ulilia siku nzima. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, na nakumbuka alivyokukalisha mapajani ukausuka upya.

Sisemi hukumpenda. Najua maisha yako. Unaamka alfajiri kwenda kutandika vitanda vya watu hotelini, mgongo unakuuma, na wewe ndiye uliyeezeka nyumba ya Pangani. Uliniambia tangu treni ya kasi ya Tokyo ilipofika mwaka 2015 hoteli zimeota kutoka stesheni mpaka Katamachi, na kazi haikosekani. Hata mimi ulinilaza hotelini, kwa sababu chumba chako hakitoshi watu wawili. Iliniuma. Kwetu mgeni anaachiwa kitanda, mwenyeji analala mkekani. Lakini nilinyamaza, maana ulilipia wewe, na kila usiku ulikuja kunitazama kabla ya kwenda kwako.

Usiku mmoja ulinikuta nimevaa yukata ya hoteli, lile joho lao la kulalia, upande wa kulia juu ya wa kushoto. Ulinirukia. "Hivyo wanavikwa maiti!" Ukaifungua, ukairudisha kushoto juu ya kulia, ukanikaza mshipi kama ulivyokuwa unanifunga sare ya shule. Tulicheka mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta. Agosti 2024, tulipokuwa tunamvika Mama sanda, mikono ile yako ndiyo niliyoitafuta.

Sasa nikwambie nilichokuficha.

Lile bakuli la stesheni, la yeni 1,000 na kidogo, jekundu ndani, jeusi nje, Mama alilitoa kwenye karatasi, akalipindua, akaligonga kwa ukucha, akalisogeza sikioni. "Hili la mashine," akasema. Kisha haraka haraka, kama vile ulikuwepo ukamsikia: "Mwambie dada yako nimeshukuru sana, limenipendeza." Ramadhani ilipofika aliendelea kunywea uji kwenye bati. Bakuli lako alitilia sindano zake za kushonea mikeka.

Na tarehe 1 Januari 2024, Noto ilipotetemeka, saa nne asubuhi ya huku kwetu, hakuachia tasbihi mpaka ulipopiga simu kusema Kanazawa mmetikiswa lakini u mzima. Baadaye ulinitumia picha za Wajima, mtaa wa soko la asubuhi umeungua, zaidi ya majengo 200. Nilimwonyesha. Akauliza, "Na wale mafundi, zana zao zimepona?" Sikuwa na jibu. Wewe uliye karibu, uliwahi kuulizia?

Nikushauri kama mdogo wako: zawadi ya mzazi usiipimie macho yake, ipimie mikono yake. Nunua kimoja cha kweli, vya kugawia majirani viache. Na usiniulize mbona sikununua mwenyewe. Yeni 30,000 nilikuwa nazo mkobani, ndiyo. Lakini nilikuwa mgeni wako, wewe ndiye mkubwa, na ulishaamua. Ningezitoa mbele ya yule bibi nikuaibishe? Tena zilikuwa ada ya mwanangu. Nusu yake. Nusu nyingine nilinunulia viatu, vile vyeupe ulivyonichagulia. Vimeshachanika.

Siku ya arobaini nikaliandika neno lako kwenye kundi la familia, mashangazi wote wakalisoma. Hapo nilikosea. Naomba radhi kwa kulisemea pale. Neno lenyewe bado linaniuma. Na leo nalirudia mbele za watu wengi zaidi, najua. Ungepokea simu nisingefika huku.

Mama ameacha mkeka wako. Ukili umeunganishwa wote, zambarau na kijani kama ulivyoagiza, umebaki pindo tu. Sindano moja bado imechomekwa pale alipoishia, nyingine zimo bakulini. Nimeviweka vyote juu ya kabati. Mama Mdogo anasema atalimaliza pindo kwa siku mbili, nimemkatalia. Kwa posta sitautuma. Njoo uushike kwa mkono wako, upapase mpaka ufike kwenye ile sindano.

Mdogo wako.