Jumamosi tunaangalia Thelma & Louise

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi hii ni Thelma & Louise ya mwaka 1991, imeongozwa na Ridley Scott. Ni palepale Kirumba, saa nane mchana. Filamu inazidi saa mbili, na wanaorudi Kamanga lazima wawahi kivuko.

Marafiki wawili wanatoka kwenda kupumzika mwisho wa wiki. Nje ya baa mwanamume anajaribu kumbaka Thelma. Louise anampiga risasi, na kuanzia hapo wanakimbilia Mexico. Naomba mtazame hasa kwa nini hawaendi polisi. Louise anaona hakuna atakayewaamini, maana watu walimwona Thelma akicheza muziki na yule bwana. Kwangu uzito wote uko hapo, na hapo ndipo nataka tuzungumze, dada zetu wakianza. Callie Khouri alipata tuzo ya Oscar kwa kuiandika, na aliistahili kabisa.

Halafu Louise anakataa katakata kupita Texas, ingawa ndiyo njia fupi. Sikilizeni anachosema, na anachokinyamazia.

Watoto wabaki nyumbani, tafadhali. Mchango ni wa mafuta ya jenereta tu.