Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo: pimeni damu kabla ya kusema sumu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MBWA WANAOTOKWA DAMU PUANI, NA VIPIMO ULIVYOTUAHIDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu nyingi, na pole na majukumu. Najua mezani kwako kuna mengi, na barua zangu tatu za mwanzo nadhani zimo humo humo, chini kabisa, zinasubiri zamu. Hii ya nne naiweka hadharani kwa sababu usiku wa kuamkia Jumatatu amekufa mbwa wa tatu katika nyua mbili zinazopakana, na safari hii aliyekufa si wangu. Ni wa jirani.

Nianze na Askari, mbwa wangu wa kwanza. Yeye alianza kwa kukataa chakula. Siku ya pili mwili ulikuwa unachemka na tezi za chini ya taya zimevimba kama kokwa. Nikamleta ofisini kwako. Bwana mifugo aliyekuwa zamu hakumgusa; alimtazama akiwa ameegemea mlango, akasema "homa ya kupe hiyo," akamchoma sindano moja, akaosha mikono. Baada ya siku chache Askari akaamka, akala, akabweka. Nikakusifu, Mheshimiwa. Nilikusifu mbele za watu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikakuta damu kwenye sakafu ya banda, inachuruzika kutoka tundu moja la pua na haikatiki. Ufizi umekuwa mweupe kama karatasi, tumboni kuna madoa mekundu kama aliyefinywa. Nikarudi ofisini kwako. Bwana mifugo yule yule, mlango ule ule. Akasema: "Huyu kalishwa sumu. Una ugomvi na nani?"

Swali hilo limenigharimu kuliko unavyoweza kufikiri. Nani hana ugomvi na mtu? Mwezi uliotangulia nilikuwa nimebishana na jirani yangu, mama mtu mzima, kwa ajili ya mbwa hao hao kubweka usiku. Nikaunganisha. Sikumtuhumu kwa mdomo, nilifanya vibaya zaidi: niliacha kumsalimia. Askari akafa. Mwaka uliofuata Popi, aliyekuwa akilala naye banda moja, akapita njia ile ile, damu ile ile, na ofisi yako ikatoa jibu lile lile. Sumu. Mimi nikaongeza kimo cha ukuta.

Jumamosi iliyopita mama yule aligonga mlango wangu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kanga yake ilikuwa na damu. Akaniuliza, bila hata kupandisha sauti: "Na wangu kalishwa na nani?"

Mwanawe alimpeleka mbwa huyo kwa daktari wa mifugo wa binafsi, mbali. Daktari akatoa matone machache ya damu, akayaweka kwenye kipimo cha haraka, na kabla kiti hakijapata joto jibu likawa limetoka: Ehrlichia canis. Bakteria anayeletwa na kupe wa kahawia. Akasema mbwa amefikishwa akiwa amechelewa, uboho wa mifupa umeacha kutengeneza damu. Siku mbili baadaye akafa.

Mimi si daktari, lakini mtu aliyezika mbwa wawili na ujirani mmoja hujifunza kusoma. Bakteria huyu si mgeni wa juzi. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1935 kule Algeria. Wakati wa vita vya Vietnam aliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani, wengi wao wakitokwa damu puani vile vile, na hakuna aliyewauliza wanajeshi wana ugomvi na nani. Huingia ndani ya seli nyeupe za damu na kuzaliana humo. Wiki za mwanzo huleta homa, mbwa hukataa kula, na chembe za kugandisha damu hushuka. Kisha ugonjwa hunyamaza, na mbwa anaonekana mzima kwa miezi, hata miaka. Baadhi yao ugonjwa hurudi baadaye ukiwa umefika kwenye uboho, na hapo ndipo damu hutoka bila kukoma. Mheshimiwa, hiyo ndiyo hadithi ya Askari kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ofisi yako iliiona mara mbili ikiwa imeegemea mlango.

Na ile sindano moja? Nahisi, na hapa nakisia maana sikupewa hata karatasi, ilikuwa ya babesia, kimelea wa damu. Babesia naye huletwa na kupe huyu huyu wa kahawia, lakini si bakteria, na dawa yake haimwondoi Ehrlichia. Huyu hutibiwa kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, vidonge vya kila siku kwa siku 28 hivi, hata kama mbwa ameanza kurukaruka siku ya tatu. Akiwahiwa mapema, wengi hupona. Chanjo yake hakuna. Kwa hiyo kati ya mbwa kupona na mbwa kufa kuna tone la damu na mtu wa kulipima.

Kuna jambo moja ambalo limeninyima usingizi kuliko vifo vyenyewe. Kupe hazaliwi na bakteria huyu. Jike hutaga mayai kwa maelfu, lakini hayarithi kitu. Kupe mchanga humpata kwa kunyonya mbwa mgonjwa, akajibandua, akajificha kwenye ufa wa ukuta, akajivua ngozi, akapanda mbwa mwingine akiwa na bakteria yule yule. Sasa fikiri. Miezi yote ile nilipokuwa nakusifu, Askari alikuwa mgonjwa asiyejulikana, anawanywesha kupe damu yenye ugonjwa. Ukuta wa banda langu ndio ukuta wa ua wa jirani, na una nyufa. Sina ushahidi. Lakini kama kuna ua ulioulisha sumu ua mwingine, basi ni wangu, na mimi ndiye niliyeacha kumsalimia mama wa watu.

Nadhani pia, hili nalo ni wazo langu tu, kwamba dawa ya kuogeshea tunayouziwa kupe wameshaizoea. Huenda ikawa wanaowaleta ni mbwa wanaozurura, maana nao wameongezeka. Huenda ikawa sisi wenyewe, maana tunamwogesha mbwa na kuliacha banda, ilhali kupe huyu sehemu kubwa ya maisha yake haishi juu ya mbwa, anaishi ukutani. Ningependa kuambiwa na ofisi yenye wataalamu. Nilipouliza kaunta, karani akaniambia, "Mbwa ni mbwa tu, tafuta mwingine." Ng'ombe akipata ndigana baridi pikipiki ya ofisi inawaka siku hiyo hiyo, na nashukuru, iwake. Lakini bakteria wa ndigana baridi na huyu wa mbwa ni wa ukoo mmoja. Mnamjua ndugu, mnamkataa ndugu yake.

Mheshimiwa, nikukumbushe kwa heshima. Ulisimama mbele yetu kwenye mkutano wa hadhara, kipaza sauti mkononi, ukaahidi vipimo vya haraka katika kila kituo, daftari la kuandika kila mbwa anayekufa na dalili zake, na siku maalumu za kunyunyizia dawa mabanda. Tulipiga makofi. Nilipofuatilia nikajibiwa kwamba mchakato uko mbioni. Kupe hana mbio, haruki, hana mabawa, anatambaa tu kwa miguu yake minane. Ameushinda mchakato wako mara tatu. Mkatuambia tuvute subira. Tumeivuta, na ilichovuta ni kupe.

Wengine wanaweza. Australia walipomgundua bakteria huyu kwa mbwa wao kwa mara ya kwanza, mwaka 2020, walikwishamweka kwenye orodha ya magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe, wakaanza kupima mbwa na kufuatilia amefika wapi. Sisi hatuna hata daftari. Mbwa wangu wawili, kwa kumbukumbu za ofisi yako, kama zipo, walikufa kwa chuki za majirani.

Na kama mbwa hawatoshi, basi watu. Kupe huyu wa kahawia hubeba pia bakteria wa aina ya Rickettsia, wanaompa binadamu homa kali na vipele. Kule Arizona, Marekani, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, watu wamekufa kwa homa ya namna hiyo iliyoletwa na kupe wa mbwa waliokuwa wakizunguka majumbani. Walipowavisha mbwa mikanda ya shingoni yenye dawa na kunyunyizia nyua, kupe walipungua sana. Wajukuu wa jirani yangu walikuwa wanalala na yule mbwa barazani. Mtoto mmojawapo nilimkuta anapasua kupe kwa kucha, mchezo tu. Nani atamwambia asifanye hivyo, kama bango pekee ukutani kwenu ni la saa za kazi?

Nilikusudia kuomba mambo mengi. Daftari, ndiyo. Dawa ya mabanda, ndiyo. Bwana mifugo anayeshika mnyama kwa mikono yake, ndiyo. Lakini nimeandika barua tatu zenye orodha ndefu na orodha ndefu ni rahisi kuiweka chini ya nyingine. Basi yote hayo yaache. Kipimo. Tone la damu kabla ya sindano, tone la damu kabla ya neno sumu. Leta kipimo, na mtu mmoja anayejua kukisoma. Hilo tu.

Nimekwenda kwa mama nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mbwa wake mwingine, mama wa yule aliyekufa, tangu juzi hali chakula. Tumemkagua pamoja: masikioni na katikati ya vidole tumetoa kupe kumi na mmoja, na mwili una joto. Pua bado ni kavu, hakuna damu. Keshokutwa saa mbili asubuhi tutamleta ofisini kwako, mimi na mama, tukiwa tumeongozana. Tunaomba atakayetupokea atoke hapo mlangoni, amtoe damu, na asituulize tuna ugomvi na nani.

Wako mtiifu,
Mwananchi mwenye banda tupu