Saa ya kuingia kazini isogezwe

Ndugu Mhariri,

Wafanyakazi wa ofisi za Posta na Kariakoo jijini Dar es Salaam wanaoishi Mbezi, Kibamba na Kibaha huambiwa kila siku waamke mapema zaidi. Ushauri huo umefika mwisho. Saa 10 alfajiri vituo tayari vina watu, na kila anayewahi anamkuta aliyewahi zaidi.

Mfanyakazi aanze kwa kuipima safari yake. Kwa siku 10 za kazi aandike kwenye simu saa ya kutoka nyumbani, ya kupanda gari la kwanza, ya kupanda la pili na ya kufika ofisini. Mara nyingi dakika nyingi zitaonekana zimeliwa Kimara, pale anaposhuka kwenye daladala na kuungana na foleni ya mabasi ya mwendokasi. Anayepandia vituo vya mbele, ambako mabasi hupita yameshajaa, anaweza kurudi Kimara akapate kiti. Lakini analipa nauli mara mbili, kwa hiyo kugeuza kunafaa tu kama dakika za kurudi nyuma ni chache kuliko za kusubiri.

Masika yana hesabu yake. Mto Msimbazi ukifurika, barabara hufungwa Jangwani na mwendokasi hukatika kati ya vituo vya Magomeni na Fire. Aliyekwisha kufika Magomeni amechelewa kuamua. Njia mbadala ianzie Ubungo: Barabara ya Mandela hadi Buguruni, kisha Uhuru hadi Kariakoo. Ijaribiwe siku ya jua, ili mtu ajue vituo vya kuunganisha gari na nauli zake. Viatu vya akiba vikae ofisini.

Hayo yote hayatoshi kama ofisi zote zinafungua kwa wakati mmoja. Kwa waajiri wa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Hakuna kinachowalazimisha kuwaita watu wote saa 2 asubuhi. Kundi moja liingie saa 1 asubuhi na kutoka saa 10 jioni. Jingine liingie saa 4 na kutoka saa 1 usiku, kila moja likiwa na saa moja ya chakula. Wote watakuwapo kati ya saa 4 na saa 10, na vikao vipangwe humo tu. Meneja mmoja akiitisha kikao saa 2, mpango mzima umekufa.

Mtu achague kundi mwenyewe na akae nalo mwezi mzima. Kubadilisha kila wiki huvuruga usingizi na mpango wa nani anampeleka mtoto shule. Wanaotoka usiku wajulikane mapema, watoke pamoja hadi kituoni.

Wapo wanaopendelea siku 4 ndefu kwa wiki, na sheria inaruhusu kwa makubaliano ya maandishi. Kwa wa Kibaha sishauri. Saa 10 za kazi, moja ya chakula na 4 za barabarani ni saa 15. Kulala, kupika na kuwaona watoto vinagawana 9 zilizobaki.

Waajiri waanze na Machi hadi Mei, mvua zinapoziba barabara, na walinganishe daftari la mahudhurio la miezi hiyo na la mwaka uliotangulia.

Msomaji,
Kibamba, Dar es Salaam