Jicho lililozimika bila kuuma

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, anauliza wale papa wakavu uliomwahidi wameogelea kurudi baharini au vipi. Rehema ameingia darasa la saba, kimo kishanipita. Ukiona mistari yangu inapanda mlima usicheke, naandika kwa rula na jicho moja.

Ndiyo, moja. Uliponipigia Mfungo Mosi ukasema sauti yangu imepoa, nikakujibu mafua. Yalikuwa si mafua. Nilikudanganya, na tangu siku hiyo nadaiwa barua hii.

Ilikuwa alfajiri. Nimeamka kuswali, nimewasha taa, naona bulbu imefifia. Nikamwamsha Rehema aibadilishe. Akaniambia, "Shangazi, mbona inawaka vizuri?" Ndipo nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikatazama dirishani. Zile nondo unazozijua, za mraba mraba, katikati hazipo, pana doa la rangi ya moshi. Za pembeni zimelegea na kupinda kama mshumaa ulioachwa juani. Nikaziba la kulia: nondo zote zimenyooka, na kunguru juu ya ukuta namwona hadi mdomo.

Na halikuuma, Zuhura. Halikuwasha, halikutoa chozi, kwenye kioo jeupe kama la bi harusi. Jino likiniuma tu mimi hufika kwa daktari kabla hajafungua mlango, unanijua. Hili la kunyamaza lilinipumbaza siku kumi na moja nzima. Duka la dawa wakaniuzia matone ya mzio. Jirani akanitilia asali, ikachoma, nikafurahi kwamba walau nimesikia kitu. Mama akasema nimetupiwa jicho la hasidi kwa sababu ya zile sare za shule nilizopata kushona, akaniletea kombe. Nililinywa, na akileta jingine nitalinywa, hakuna dua ninayoikataa. Lakini nilipaswa kunywa huku nikienda hospitali, mimi nikanywa huku nikikaa.

Kilichonitoa nyumbani ni kidole. Siku ya kumi na moja nilikuwa naingiza zipu kwenye sketi, nikadhani mkono uko mbali na sindano, kumbe uko chini yake. Cherehani ikanishona kucha ya shahada. Nikaenda kufungwa kidole. Nesi akanipima presha, akatazama mashine, akanipima tena: 190 kwa 110. Akauliza, "Mama, presha hii unaitibia wapi?" Nikamjibu kweli: kabatini. Vidonge ninavyo tangu mwaka juzi, nikivimeza kichwa kikigonga, kikitulia naviacha. Hakucheka. Nami wakati natoka nikamwambia kama mtu anayetaja jambo dogo, na jicho hili halioni vizuri. Akanirudisha kwenye kiti.

Wakaniandikia niende Dar kwa daktari wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Nilipanda basi la alfajiri na Rehema. Tulipofika Muheza, wauza machungwa wakazunguka madirisha, nami nikawa nachezea lile jicho: naziba la kushoto, mwanamke aliyeshika ndoo hana kichwa, nafungua, kichwa kinarudi na kinanitangazia bei. Nilicheka peke yangu. Kufika Segera nikawa nalia.

Daktari alinitia matone ya kupanua mboni, akapiga picha nyuma ya jicho, akaniwekea zote mbili pamoja kwenye kompyuta. La kushoto lina rangi ya chungwa iliyotulia, mishipa myembamba imetawanyika kama mizizi. La kulia, shoga, ni ukuta waliotemea tambuu! Wekundu umeruka kila upande, mishipa imenenepa na kujinyonganyonga. Akanieleza kwa mfano wa choo cha kuogea. Damu huingia kwenye retina kwa ateri na kutoka kwa vena, na vena kuu ni moja tu, inapita na ateri kwenye tundu jembamba pale mshipa wa fahamu unapotokea. Presha ikikaa miaka bila kushikwa, ateri inakakamaa na kumbana mwenzake, damu inaganda. Bomba linamwaga, mfereji umeziba, maji yanarudi sakafuni. Ndiyo yale madoa. Na pale katikati panapotusomesha na kututungisha uzi pamejaa maji na kuvimba.

Akaandika sindano. Nikadhani ya mkononi. Akasema ya jicho.

Usiku ule tulilala kwa binamu Temeke. Rehema akachukua karatasi, akalitafuta jina la dawa kwenye simu, akanyamaza. Nikamwambia soma. Ilikuwa bevacizumab, dawa ya saratani ya utumbo. Mwenzio sikulala, nikajua wamenificha. Asubuhi nikamkabili daktari kwa ukali wa kuanzia mahakamani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ni kweli, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, Marekani waliipitisha kwa kazi hiyo mwaka 2004, halafu madaktari wa macho wakaona inazuia mishipa kuvuja. Mgonjwa wa saratani hutiwa chupa kwenye dripu, mimi natiwa mililita 0.05, tone moja. Zipo zilizotengenezwa hasa kwa jicho, ila bei yake ningeuza na nyumba. Hata hii ya rahisi imekula ovaloki yangu. Ile ya kijani, ndiyo. Tusiizungumze.

Sindano yenyewe hofu ni kubwa kuliko maumivu. Wanakutia matone ya ganzi, wanakusafisha kwa dawa ya rangi ya iliki iliyoungua, wanakushikilia kope kwa kidude cha chuma, unaambiwa tazama juu kushoto, unasikia kama mtu amekubonyeza kwa kidole. Basi. Siku nzima nikaona vipovu vyeusi vinaelea kama mbegu za papai kwenye maji. Nimeshachoma tatu, mwezi kwa mwezi. Kwanza nilikuwa nahesabu vidole vya daktari tu, sasa nasoma herufi za mstari wa tatu ubaoni. Nyekundu naiona kama tofali. Amenambia wazi kwamba huenda nisipate yote, na kwamba miezi ya mwanzo nisikose kliniki hata siku moja, maana jicho lenye kiu ya damu huotesha mishipa mipya mibovu, na hiyo huleta presha ya jicho kali yenye maumivu ya kweli. Nilitamani kumwambia sasa ndiyo lije liume?

Kazi inakwenda kwa ujanja. Asubuhi kabla ya shule Rehema ananitungia sindano kumi, anazichomeka kwenye sponji, nyeupe upande mmoja, nyeusi upande mwingine. Kitambaa cheusi sishoni usiku. Chai namimina kwa kugusisha mdomo wa birika kwenye kikombe, kwani wiki ya kwanza nilikuwa nakinywesha kitambaa cha meza mbele ya wageni, wakawa wanatazama ukutani kwa adabu. Barabarani nageuza shingo nzima kama bundi. Bodaboda za kutokea kulia zimenifanya nijue matusi mapya.

Wateja wawili wamehama. Mmoja alichukua kitambaa chake akasema anakwenda kukipumzisha. Hilo liliniuma kuliko sindano zote tatu, sitakuficha.

Na usiku naogopa. Naamka saa nane, nawasha taa, naziba hili, naziba lile, natazama kalenda ukutani kama tarehe bado zinasomeka kwa la kushoto. Vidonge sasa nameza kila siku baada ya Isha, Rehema anasimama mlangoni kama askari jela. Juzi ilikuwa 138 kwa 84.

Sasa wewe. Mwaka jana kwenye arusi ya Mwanaidi uliniambia vidonge vyako unavitunza kwenye mkoba kwa dharura. Nilicheka nawe, nikakugonga kiganja. Nayakumbuka yale makofi tuliyopigana.

Dera lako nimelimaliza, nalituma na basi la Mombasa Jumatano. Mkono wa kushoto umezidi nusu inchi, nimelifumua mara mbili likakataa, mara ya tatu nikakataa mimi. Ulivae hivyo hivyo. Ukinijibu, juu kabisa ya barua, pale pa tarehe, niandikie na namba zako za presha. Za siku hiyo, si za kukumbuka.

Wako,
Mwanahamisi