Ashura, unaukumbuka ule mwaka wa amiba?

Shoga yangu Ashura,

Salamu sana. Habari za Mwanza, habari za watoto? Huku wote wazima, na mimi mzima pia ukiacha huu utumbo mpana wenye vidonda. Najua nimekaa kimya mno. Ningepiga simu, lakini mama yuko hapa, na kila nikitaja majibu anaanza kulia.

Nimefanyiwa tena kile kipimo cha kamera ndani ya utumbo. Ile dawa ya kusafisha tumbo usiniulize. Safari hii walinyunyiza rangi ya bluu kwenye ukuta wa utumbo, maana mabadiliko mengine yamelala bapa, bila rangi hayaonekani vizuri. Baadaye nikakojoa kijani, nikapiga yowe, Baba Salma akaja mbio na panga akidhani nyoka.

Wakachukua vinyama vya kupima sehemu mbalimbali. Majibu yameandikwa displasia, ila haijathibitika. Utumbo ukiwaka uvimbe miaka na miaka, seli zinaharibika, zinajijenga, zinaharibika tena, mwisho baadhi zinaanza kukua ovyo. Hiyo ndiyo displasia. Si saratani, Ashura, ila ikiachwa inaweza kufika huko. Sasa utumbo wangu bado umewaka, na seli zinazojijenga upya hufanana na hizo za displasia, hata mpimaji anashindwa kuapa. Slaidi, vile vioo vyenye vinyama vyangu, zimepelekwa kwa mtaalamu wa pili, mimi nimeongezewa dawa ya kutuliza uvimbe, kisha kamera tena baada ya miezi michache.

Mama kasikia nusu, nusu hiyo kautangazia ukoo mzima. Mjomba Hamisi kashatuma rambirambi kwa simu. Sijazirudisha.

Nikuombe kitu. Daktari anataka mwaka dalili zilipoanza, si mwaka ugonjwa ulipopewa jina. Kwenye vidonda vya utumbo mpana hatari hupanda kadiri miaka inavyokwenda na kadiri eneo lililoshikwa lilivyo kubwa, ndiyo maana kufikia mwaka wa 8 hivi tangu dalili wanataka uwe umeanza kupimwa kwa kamera mara kwa mara. Faili langu linasema 2019. Lakini wewe ulikuwepo hosteli ilipoanza kabla ya hapo! Vidonge vya amiba nilivyomezeshwa pale, hadi chai ikanuka chuma, na damu haikukoma.

Ikithibitika, basi inategemea. Kama ni kinundu kinachoonekana, wanaweza kukikata chote kwa kamera hiyohiyo, niendelee kufuatiliwa. Kama ni bapa na imesambaa, itabidi tuzungumzie kutoa utumbo mpana wote. Halafu ule mfuko wa kukinga choo unaobandikwa tumboni, na mimi na vitenge vyangu vya kubana... tuyaache hayo.

Hebu niambie: ilianza kabla ya Kombe la Dunia la Brazil au baada? Nakumbuka Ujerumani inawafunga Brazil saba mimi niko chooni, au nachanganya? Damu ilikuwepo tangu mwanzo? Vile vikaratasi vya zahanati bado unavyo kwenye bahasha yako ya vyeti? Na kaka yake Rukia, bado anaishi na mfuko? Atakubali kuongea nami, au ataona haya?

Kliniki ni Alhamisi ijayo. Ukivipata hivyo vikaratasi, vipige picha unitumie kabla ya hapo, na mama asijue nimekuandikia.

Wako,
Mwanaidi