Ile Jumanne niliposema "nimechoka tu"

Mama na Baba, shikamooni.

Natumai hamjambo nyote hapo Magongo, na Bibi goti limempoa. Mimi huku Florida ni mzima wa afya. Nalitanguliza hilo makusudi, kwa sababu ile Jumanne niliposema kwenye simu kwamba nimechoka tu, nilikuwa nimekaa ofisini kwa mwalimu, mikono inatetemeka. Nilikuwa nimevunja ndege.

Nilikuwa peke yangu ndani ya Cessna 172, mara yangu ya nne kuruka bila mwalimu, na upepo ulikuwa wa ubavuni. Ndege hii huletwa chini kwa kama kilomita 120 kwa saa. Mimi nilikuja na karibu 140. Ikiwa na kasi ya ziada haitaki kukaa, inaelea tu. Baba ataelewa: ni chombo kinachoingia Bandari ya Kale na tanga halijashushwa. Magurudumu yakagusa, ikaruka. Hapo dawa ni moja: ipe injini nguvu zote, upae, uzunguke, uje upya. Mimi nikasukuma usukani, pua ikaelekea chini. Gurudumu la mbele, ambalo ndilo dhaifu, likapiga kwanza, ndege ikarushwa juu zaidi. Likapiga tena. Mara ya tatu likavunjika, rafadha, ile feni ya puani, ikala lami, injini ikazimika pu!

Nikafunga mafuta, nikazima umeme, nikashuka. Moto haukuwaka, wala sikukwaruzika hata kidole. Mapanga yote mawili ya rafadha yalikuwa yamejikunja ncha kama masikio ya mbuzi, na kwenye lami kulikuwa na mikato imepangana sawasawa, utadhani boflo lililokatwa tayari kwa chai. Niliitazama ile mikato kuliko nilivyoitazama ndege yenyewe.

Injini ni lazima ifunguliwe yote, maana rafadha ikigonga kitu huku inazunguka, mshindo hurudi ndani ukaacha ufa usioonekana kwa macho. Ukuta wa bati ulio nyuma ya injini nao umepinda. Bima italipa sehemu kubwa. Kipande kinachoniangukia mimi tutakizungumza. Tafadhalini msiuze kitu.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikupaa tena. Nikamwambia nilidhani nitaiweza. Uongo. Kila dakika ya angani nailipia, na mzunguko mmoja hula kama dakika sita. Mama, pale juu ya lami nilikuwa nazihesabu hizo dakika, na bangili za Shangazi zilizouzwa zimenijaa machoni. Nikabana dakika sita, nikavunja ndege nzima. Siwalaumu, mlitoa kwa moyo mweupe na hesabu ile ilikuwa yangu. Lakini Baba, nakuomba ukinipigia usianze na "zimebaki saa ngapi?"

Juzi nimerudi angani, mwalimu kando yangu. Tulifanya kazi ya kutua tu, asubuhi nzima. Mara mbili niliona mapema kwamba haikai sawa, nikaipa injini nguvu nikapaa kabla hajafungua mdomo. Akaandika kitu kwenye daftari lake, hakunionyesha.

Bibi msimwambie kwanza. Nitapiga Ijumaa baada ya swala, nimweleze mwenyewe, anisikie sauti. Akizipata habari kwa majirani, mpaka zimfikie nitakuwa nimeshakatwa mguu.

Mwanenu