Nauli tatu kwa safari moja

Mhariri,

Mabasi ya mwendokasi, yenye njia zake pekee, yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, tulitarajia usafiri wote uunganishwe. Wapi! Mkazi wa Kigamboni anayefanya kazi Sinza hulipa pantoni, akishuka Magogoni hutembea hadi Kivukoni kulipa mwendokasi, kisha Shekilango hulipa tena daladala au bajaji. Treni ya Pugu nayo ina tiketi yake.

Barabara za zege za mwendokasi ni jambo jema. Lakini nauli moja inayohesabu safari nzima ingemfaa mlalahoi kuliko kituo kingine kipya. Daladala zisifukuzwe mjini. Zipangiwe ratiba za kuleta abiria vituo vikubwa, na wenye magari walipwe kwa kilomita. Makondakta watanuna, najua.

Msomaji,
Kigamboni, Dar es Salaam